Kikombe cha Mzee Shebe

Katika mji mmoja beki wa timu hachaguliwi na kocha, huchaguliwa kwa vikombe vya kahawa. Shabiki akimaliza kunywa hukifunika kikombe chake mezani, upande wa mchezaji anayemtaka, na kikishafunikwa hakifunuliwi.

Siku hiyo vikombe vya Makwaya, mpakia magunia, vililingana na vya Adibu. Kilibaki cha Mzee Shebe tu, babake Adibu.

"Makwaya ana kifua, jamani," alisema Mwinshehe, muuza kahawa. "Akisimama golini, mbuzi hulala kivulini mwake."

"Na mpaka ageuke, mechi imeshakwisha," alijibu Kibwana kinyozi. "Adibu ana mbio. Mzee Shebe, unasubiri nini? Au mwana si wako?"

Watu wakacheka. Adibu hakucheka. Alikuwa ameegemea nguzo, macho kwenye kikombe. Umri ulikuwa unamtupa mkono. Asipochukuliwa msimu huu, basi tena.

Lakini alfajiri ya siku hiyo, baba na mwana waliposali bega kwa bega, mzee alilisikia goti la mwanawe likialika kama kuni kavu kila alipoinuka kutoka sijida. Adibu alimsihi asimwambie mtu.

"Baba," Adibu alisema taratibu, "kahawa inapoa."

Mzee Shebe akameza funda la mwisho. Akakiinua kikombe katikati ya meza, akakipindua hewani. Mashapo meusi yakateremka polepole, yakakusanyika ukingoni, yakaning'inia. Kijiwe kizima kikainama kutazama kikombe kitashukia upande gani.