Ndevu za Mamie

Mamie alikuwa ameota ndevu. Kanyamibwa alisoma ujumbe ule mara tatu, simu ya binti yake mkononi, mgongo ameuegemeza kwenye ua wa ng'ombe. Pale ndipo mahali pekee nyumbani kwake, Nyamitaba, ambapo mtandao ulishika.

"Nilishaota ndevu," Mamie aliandika. "Sijui kama utanijua."

Mamie gani huyo? Akina Mamie aliowajua Kanyamibwa walikuwa wawili, mmoja mwimbaji wa kwaya, mwingine muuza unga, na hakuna hata mmoja mwenye ndevu. Binti yake, Uwamwezi, alikuwa ameandika jina la msichana juu ya namba ya mwanamume. Miaka kumi na sita, na tayari ameshajua kumpiga baba yake chenga.

Jumapili katekista alikuwa amewaonya wazazi: wenye bunduki siku hizi wanawavuta wasichana kwa simu, fungueni simu za watoto wenu kabla hamjalia. Verdiane, mke wa Kanyamibwa, hakuyapenda maneno hayo.

"Papa Jean, umuache mutoto," alisema. "Ukimuchunguza kama mwizi, atakuficha hata ugonjwa."

"Moja nilishapoteza," alijibu Kanyamibwa. "Wa pili sitamutoa."

Na kweli alikuwa amempoteza. Jean de Dieu, kaka wa Uwamwezi, alichukuliwa na watu wenye silaha kwenye njia ya soko la Kibabi, na mwaka wa tatu ulikuwa unaisha. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi majirani walipokutana kanisani kusali kwenye shirika lao, Kanyamibwa alisimama akamwombea mwanawe kwa jina, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Ng'ombe akiugua alisema pale, mkewe akiota vibaya alisema pale. Wengine walimtania kwamba Mungu si kiziwi. Hakujali. Hakuwa na mahali pengine pa kukitolea kilio chake.

Alisogeza skrini chini ya ujumbe ule. Palikuwa na jumbe nne za sauti, lakini hazikufunguka, maana mega za intaneti zilikuwa zimebaki za kulamba tu. Maandishi ya mwisho yalikuwa ya asubuhi hiyo ya Jumanne.

"Kesho, siku ya tatu, nitafika ku musalaba ya Bihambwe. Kama njia iko muzuri, andika nikuye. Kama iko mubaya, andika nisikuye. Papa asijue."

Papa asijue! Mwanamume mzima ampangie bintiye mahali pa kukutana, halafu na baba mwenyewe atajwe! Vidole vyake vilivyozoea kukamua vilitafuta herufi moja moja: "Usikuye. Huku hakuna muntu anakutaka."

Alituma, akangoja mpaka alama mbili zikatokea, kisha akaitia simu katika mfuko wa koti.

Uwamwezi aliporudi kutoka kisimani na kuikosa simu, alitua bidoni la maji chini bila hata kulifunika.

"Papa, unipe simu. Dakika mbili tu."

"Mamie njo nani?"

Msichana alimtazama mama yake, akamtazama baba yake. Machozi yalianza kumtoka.

"Siwezi kusema, Papa."

"Juu ya nini?"

"Juu utasema ku shirika."

Kanyamibwa aliona huo ni utovu wa adabu, na akaapa kwamba simu haitatoka kotini mwake. Siku ile na kesho yake Uwamwezi hakula. Alisimama karibu na ua wa ng'ombe, akitazama njia ya Bihambwe. Hilo nalo baba yake aliliona, na likamthibitishia kila kitu.

Alhamisi ikafika. Kwenye shirika Kanyamibwa alisimama kama kawaida. Alimwomba Mungu amrudishe Jean de Dieu, popote alipo, hata kama hana tena mguu, hata kama ana damu mikononi, arudi tu. Kisha akaongeza shukrani, kwa sababu safari hii alipewa macho ya kumwokoa binti. Uwamwezi, kwenye benchi la wanawake, aliinua kichwa ghafla, uso umembadilika.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, simu ilitetemeka kotini. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Mamie. Kanyamibwa alikuwa amenunua mega asubuhi kwa ajili hiyo hiyo: alitaka kuisikia sauti ya yule mwanamume, aijue, ampeleke kwa shefu wa kijiji. Alitoka nje, nyuma ya kanisa, akaiweka simu sikioni.

"Dada, nilisoma. Niliikala ku musalaba tangu jana, nikasema pengine utaandika tena. Najua kule nilifanya mambo mingi ya mubaya, siko na kasirani na nyinyi. Sasa narudia ku pori, Walikale. Usimuambie Papa kama nilifika karibu hivi. Umuache tu aendelee kuniombea."