Kijiko cha Uji

Mwanakombo alifika mlangoni na bakuli la uji mkononi, akamkuta bintiye Shani amempakata mwanasesere wa matambara. Mtoto alikuwa amembana pua kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili alimsukumia kijiti mdomoni.

"Meza! Nimesema meza. Unanichelewesha, mtoto wewe!"

Sauti iliyomtoka Shani ilikuwa ya Mwanakombo mwenyewe, na maneno yake. Hivyo ndivyo alivyomlisha Shani kila asubuhi, tangu mama mkwe alipomwambia kwamba mtoto akibanwa pua hufungua mdomo tu, apende asipende.

Akaketi mkekani, akamkabidhi binti yake kijiko.

"Leo kula mwenyewe, mama. Ukishiba, basi."

Shani alikitazama kijiko, akamtazama mama yake, kana kwamba anatafuta mtego ulipo. Kisha akachota uji, akaupuliza taratibu, akaupeleka mdomoni kwa mama.

Mwanakombo alicheka kidogo, akafungua mdomo. Mkono wa pili wa mtoto ulikuwa tayari unapanda, vidole viwili vimeachana kama koleo, kuelekea pua yake.