Nguzo ya Katikati

Kaunti yao ilijenga miradi kwa kimo cha watu: kwa kila mradi, kila mtu mzima alitoa kimo chake upana wa kidole, akafupika. Jerotich alikuwa ameikunja suruali ya mumewe mara tatu, akihifadhi kitambaa ndani ya pindo, kwani huenda siku moja kimo kingerudishwa.

Daraja lilipofunguliwa, walisimama bondeni wakatazama juu mpaka shingo zikauma. Nguzo zilipenya mawingu.

"Mama Cheruto, nimo ndani ya ile ya katikati," mumewe alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Hata mimi," Jerotich alijibu, mwili ukimsisimka.

Gari la kaunti likapita likitangaza hospitali ya ghorofa tisa. Jerotich akapiga vigelegele pamoja na wenzake.

Nyumbani aliichukua suruali ile. Safari hii hakuikunja. Alishika mkasi, akakata.