Usingizi wa Mke Mwenzangu

Siku hizi asiyepata usingizi huchangiwa usingizi na mtu wa nyumbani kwake, kama damu, kwa mkanda wa kichwani. Muuguzi alizitambua dalili zangu upesi: kukurupuka saa tisa usiku nisilale tena, kusahausahau, hasira za bure. Akapima nyumba nzima. Usingizi ulionifaa ukawa wa Mwanaidi, mke mwenzangu.

Ila muuguzi hakusema kwamba usingizi huja na ndoto za mwenyewe. Usiku wa kwanza tu nikamwona mume wetu Mbwana akimmenyea Mwanaidi machungwa, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mimi, miaka kumi na tisa ya ndoa, hajanimenyea hata ndizi!

Wiki ya sita sasa nalala fofofo. Jana Mwanaidi aliniletea uji, macho mekundu. Nikaonja. Ametia chumvi badala ya sukari.

“Nisamehe, Bi mkubwa. Siku hizi sijui nina nini.”

Mimi nilijua.

Leo muuguzi amepiga simu. “Mama, umepona? Tumrudishie mwenzio usingizi wake?”

Nikapiga mwayo mrefu, makusudi, ausikie.

“Bado, mwanangu. Niongezee.”