Kidole cha Molly

"Sukari ni sita," mama alisema, akiingia kutoka nje na mashine yake ya kupima sukari. "Hata leo niko sawa."

Sikuamini. Alikuwa amekunywa maji usiku kucha. Tena siku hizi haoni vizuri, msimamizi anamrudishia majani ya chai kwa sababu anachuma yale magumu.

"Mama, lete mkono."

"Wa nini?"

Nilimshika. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, ngozi imepasuka kama gome la mti. Niligeuza kimoja kimoja. Hakikuwa na alama ya sindano hata kimoja.

Molly, jirani yetu, alikuwa amesimama mlangoni akinyonya kidole. Aliponiona akakitoa mdomoni.

"Usimgombeze," akasema. "Mama yako hunipima bure tu. Kila siku niko sawa, nashukuru Mungu."

Mama alitazama sakafu.

"Wakiona iko juu, kliniki wataniweka kwa sindano za insulini," akasema. "Yule mzee wa nyumba za laini ya pili aliwekwa kwa sindano, akakatwa mguu."

"Alikatwa kwa sababu alichelewa."

"Wewe umekuwa daktari lini?"

Nilimwosha kidole gumba na maji ya vuguvugu na sabuni, nikamdunga pembeni. Damu ilichelewa, kisha ikatoka nzito. Ilipogusa mashine, mama akaifunika na kiganja.

"Usisome," akasema.

Nikauinua mkono wake.