Mizani ya Bi Nurjehan

Jino la kwanza liliangukia kwenye sahani ya biriani. Lilikuwa la Jaffar, baba wa bwana harusi, na aliyeling'oa kwa ngumi ni Talib, baba wa bibi harusi. Punde tu kabla ya hapo walikuwa wakiitana ndugu.

Kisa ni pauni za dhahabu, sarafu za mahari alizoleta Jaffar. Bi Nurjehan, mama yake Talib, alishikilia zipimwe kabla ya ndoa kufungwa. Marehemu mumewe alikuwa sonara Unguja, na baada ya mapinduzi mizani yake na vijiwe vyake vya shaba vya kupimia sarafu vilifika London ndani ya gagulo la mkewe. Nani angembishia?

Basi pale ukumbini Ilford, pembeni mwa London, mbele ya wageni, akaweka kijiwe upande mmoja, pauni upande wa pili. Kijiwe kikazama. Pauni ikabaki juu, inaning'inia.

"Nyepesi," akasema. Akapima nyingine. "Nyepesi na hii."

"Mizani yako mbovu, bibi!" Jaffar akafoka.

"Mizani haina shemeji, baba. Mmezikwangua, au mmezifua kwa sabuni?"

Hapo ndipo jino lilipotoka.

Ngumi zikajibiwa kwa viti. Shemeji mmoja aling'atwa sikio likabaki nusu. Shangazi yake Jaffar alimpasua mpishi kichwa kwa birika, na mpishi maskini hakuwa wa upande wowote. Bwana harusi alibanwa ukutani, akikabwa kwa shada lake mwenyewe la maua, kanzu nyeupe imelowa damu mpaka magotini.

"Nilitoa neno langu, leo nalirudisha!" Talib akanguruma. "Binti yangu haolewi na wezi!"

Watu wa Jaffar wakatupwa nje mmoja mmoja, wengine kwa miguu, wengine kwa kuburutwa.

Chumba cha pili, Malek, bibi harusi, alikuwa akilia kwa kwikwi. "Nyamaza mwanangu, Mungu kakuepusha," wanawake wakambembeleza. Bi Nurjehan akaingia na mizani yake, akawatoa wote, akafunga mlango.

Akachomoa kifuani kijiwe kingine, akakipima na pauni moja iliyosahauliwa mezani kule ukumbini. Mizani ikasimama sawasawa.

"Hiki ndicho cha pauni," akanong'ona. "Kile cha mwanzo ni cha sarafu nyingine, nzito zaidi."

Malek akafuta machozi.

"Bibi nawe, mbona ulikawia vile? Nilidhani utaniacha niolewe!"