Shimo Linalozozaniwa

Barazani walikuwepo mwenyekiti Nyati, waziri wa mambo ya nje Korongo, karani Kasuku, na Nungunungu, aliyevuka mto kumwombea msaada jirani yake Mhanga.

"Mheshimiwa, Ngiri ameziba mlango wa shimo. Mhanga yumo ndani, hana maji. Wewe ukitokea tu, Ngiri atakimbia."

"Tutatoa tamko," alisema Nyati. "Karani, andika: tunasikitishwa na hali ya shimo la Mhanga."

Korongo akakohoa. "Tukisema la Mhanga, Ngiri ataudhika, naye hutuachia malisho ya bondeni. Tuseme shimo linalozozaniwa."

"Linazozaniwa na nani?" Nungunungu alifoka. "Mhanga amelichimba kwa kucha zake! Ngiri hajachimba hata la panya!"

"Punguza sauti, ndugu," alisema Nyati. "Hapa ni barazani."

Walibishana siku tatu. Siku ya nne walikubali kuandika "shimo la Mhanga", wakapongezana kwa ushujaa wao, kisha Kasuku akatumwa kulisoma tamko pale mlangoni.

Ngiri alisikiliza hadi mwisho. "Sina ubishi," alisema. "Shimo ni la Mhanga. Nami nimeshamfukia humo."

Mhanga alikuwa amekufa kwa kiu jana yake, asubuhi.